Bawabu Asiyeuawa

"Usimpige risasi, Msasa. Rudia."

"Nimesikia. Simpigi."

Msasa aliirudisha redio kifuani, akaongeza mafuta. Yamaha ikanguruma na kujipenyeza katikati ya makontena.

Mita hamsini mbele yake, Hilux nyeupe ilikuwa inakata kona kana kwamba dereva wake hajui breki ni ya kazi gani. Ilikuwa bandari kavu, uwanja mkubwa wa saruji usio na hata tone la maji, makontena yamepangwa matano kwenda juu, na kati yake vichochoro ambavyo gari moja likipita la pili linangoja.

Saa tano na dakika nane asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Kumuua dereva yule kungekuwa kazi ndogo. Beretta ilikuwa kwapani na Msasa alikuwa hakosi shabaha. Jina lake hakulipata bure: kwenye idara ya ujasusi walisema mwanamke huyu akikushika hakuachi, anakusugua mpaka unabaki mbao tupu. Lakini mfukoni mwa dereva kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, na bila kisanduku hicho mdogo wake Msasa angekufa.

Mdogo wake wa pekee. Tumbo moja.

Alikuwa mkaguzi wa forodha. Dakika kumi na tatu kabla, alipiga simu idarani akasema amekuta viwashio vya mabomu elfu nne vimefichwa chini ya mbao, na vingine vimeshapakiwa kwenye lori la kuvuka mpaka. Simu ikakatika. Waliomkatia walimsukuma ndani ya chumba cha kufukizia mbao, chumba cha chuma wanamoulia wadudu kwa gesi, wakafunga mlango. Ndani kulikuwa na trei za vidonge vya dawa ambavyo tayari vilikuwa vimefunguliwa. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa sumu polepole, bila haraka, kama mtu mwenye uhakika wa mshahara wake.

Kisha mkubwa wao akachomoa kisanduku cha mlango, akakitia mfukoni, akapanda Hilux.

"Mkuu alisema nisimpige yeye," Msasa alijiambia. "Hakusema kitu kuhusu matairi."

Akachomoa Beretta kwa mkono wa kushoto, akafyatua.

Mbili.

Tairi la nyuma lilipasuka. Hilux ikayumba, ikabusu kontena la buluu, ikazima.

Aliyeshuka alikuwa wakala wa mizigo ambaye idara ilimfuatilia kwa miezi minne na kumpa jina la Mtanashati. Suti ya kijivu, tai, viatu vinavyong'aa hata mahali penye vumbi. Alijipangusa bega kwanza, ndipo akainua mikono. Katika mkono wa kulia alikuwa na kisanduku.

"Pole na safari, dada."

"Kisanduku."

"Lori langu liko getini, na vijana wenu wamelifunga geti. Lifunguliwe, lori litoke, na kisanduku hiki hapa. Mimi na mdogo wako hatuna ugomvi."

"Kiweke chini."

"Umesikia nilichosema?"

Nyuma yake lilikuwa linapita gari la kunyanyulia makontena, matairi yake kimo cha mtu mzima, dereva yuko juu kule haoni linalotokea chini. Msasa alipiga hatua moja. Moja tu, na mpaka leo anaijutia.

Mtanashati akakirusha kisanduku chini ya tairi.

Kra!

Gari likaendelea na safari yake. Pale chini kilibaki kitu kama biskuti iliyokanyagwa.

"Sasa," Mtanashati alisema, "tumebaki na maneno matupu."

Msasa alimpiga kitako cha bastola mara moja, akamfunga pingu. Halafu akapiga magoti juani, akaanza kuokota vipande na kuvitia kwenye leso, kimoja kimoja, hata vile vidogo kama punje za mchele. Alijua havina faida. Alitaka tu kuipa mikono kazi.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa ubavuni mwa chumba cha kufukizia. Meza mbili, feni mbovu, kikombe cha chai iliyopoa, na mbele ya kioo cha kompyuta alikaa fundi mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na nane ambaye bandari nzima ilimwita Bi Waya. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alikuwa anabonyeza vibonye kwa hasira.

Msasa alimsukumia Mtanashati kwenye kona, akaimimina leso mezani.

Bi Waya alitazama makombo yale.

"Mungu wangu," alisema.

"Fungua mlango kwa mkono."

"Kipini cha ndani wamekikata kwa msumeno. Cha nje hakipo, unaendeshwa na kompyuta."

"Tuukate."

"Gesi ile ikiona cheche inalipuka. Utamtoa vipande vipande."

"Tukate umeme."

"Umeme ukikatika mlango unabaki umejifunga. Ulitengenezwa hivyo, gesi isije ikatoka ikaua walio nje."

"Basi zima kompyuta, uiwashe upya!"

"Mwanangu, ikiwaka kitu cha kwanza inachofanya ni kuzungusha feni ya mle ndani, dakika kumi, kabla haijasikia neno la mtu yeyote. Sasa hivi gesi imejikusanya upande wa trei, na yeye yuko kona nyingine. Feni ikianza kuzunguka..."

Msasa alimkatiza.

"Nini kinachozuia mlango?"

Bi Waya aligusa kioo kwa kidole. "Huyu."

Kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi. Jina la programu, Bawabu. Pembeni ya jina, herufi moja tu: D.

"Huyu ndiye anayefunga na kufungua. Kila akifunga lazima kisanduku kiandike, na kila akifungua vilevile, ili mtu asidanganye forodha. Wamefunga mlango, Bawabu akakiambia kisanduku: nimefunga, andika. Kabla hakijajibu, huyu mwanaharamu akakichomoa. Sasa Bawabu anangoja jibu. Na akiwa anangoja, mlango ameushika yeye, hakuna mwingine anayeweza kuugusa."

"Muue."

"Nimemuua mara kumi na moja! Huyo hapo. Ananitazama."

"Mpige tena."

Bi Waya akabonyeza. Kumi na mbili. Mstari haukutikisika. Herufi D ilikaa pale pale.

"Ile D maana yake amelala, na si usingizi wa kuamshwa na mtu," Bi Waya alisema. "Amri ya kuua ni kama barua ya kufukuzwa kazi. Naisukuma chini ya mlango wake. Zimo barua kumi na mbili. Lakini ataamka kisanduku kikimjibu tu, na asipoamka hasomi barua."

"Akae hivyo mpaka lini?"

Fundi alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu.

"Milele."

"Nani alimtengeneza hivyo?"

"Mimi."

Hata Mtanashati aliinua kichwa.

"Zamani alikuwa na kikomo. Sekunde thelathini, asipojibiwa anakata tamaa na mambo yanaendelea. Ila kebo ilikuwa inalegea, kila mara mlango unagoma, meneja ananipigia kelele mbele za watu. Kubadilisha kebo kunataka barua tatu na sahihi tano. Siku moja nikachoka. Nikafuta kikomo nikaandika: subiri mpaka ujibiwe. Malalamiko yakaisha siku ile ile. Nikasifiwa kikaoni." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Subira yavuta heri, si ndiyo?"

Wahenga walisema hivyo, ni kweli. Wahenga hawakufungiwa na trei sita za sumu.

*

Ukutani palikuwa na simu ya kuongea na mtu aliye ndani ya chumba, na juu yake kipimo cha gesi. Mshale wa kipimo ulikuwa umepita njano. Ukigusa nyekundu mtu anazimia, na ukiipita nyekundu haamki tena.

Msasa akainua simu.

"Mdogo wangu."

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo, kavu. "Nilijua ni wewe. Wengine wanagonga mlango kwa adabu."

"Unaendeleaje?"

"Kichwa kinagonga. Kuna harufu ya kitunguu saumu. Trei nimezifunika kwa turubai, nikaegemeza mbao juu. Nimetapika kidogo. Usimwambie mama."

"Sikwambii nitamwambia nini. Kaa chini, uvute pumzi ndogo."

"Nimekaa. Dada, nimeandika namba za masanduku yale ukutani kwa chaki. Nikilala, mtazisoma."

"Hulali. Unanisikia? Hulali!"

"Sawa, afande."

Msasa aliishusha simu kifuani ili asimsikie akilia. Ndiyo, alilia. Idarani hawaliandiki jambo kama hilo, basi liandikwe hapa.

Kwenye kona, Mtanashati akakohoa.

"Kipo cha pili," alisema.

Wanawake wote wawili wakageuka.

"Kisanduku cha akiba. Mnafikiri mtu kama mimi anaweka yai moja tu? Kipo ndani ya lori, kwa dereva. Hafungui mlango wala hatoi kitu mpaka aone geti liko wazi. Lori likitoka, anakirusha dirishani. Dakika mbili kutoka getini mpaka hapa."

"Mwongo," alisema Bi Waya.

"Inawezekana. Endeleeni kubonyeza basi, mama."

Mshale ukasogea unywele mmoja.

Msasa aliirudisha simu ukutani, akachomoa redio. Alijua kilichokuwa ndani ya lori lile. Viwashio vingine elfu mbili, na upande wa pili wa mpaka watu waliovisubiri kwa hamu. Masoko, stesheni, shule. Alikuwa ameziona picha kwenye faili. Alijua pia kwamba Mkuu angemuuliza swali moja tu: una uhakika? Na akisema ndiyo, Mkuu angefungua, kwa sababu kwa miaka tisa Msasa hakuwahi kumdanganya.

Akabonyeza.

"Mkuu, hapa Msasa."

"Sema, Msasa."

"Kuhusu geti..."

Kidole kilikuwa juu ya kibonye. Maneno yalikuwa mdomoni, yametafunwa, yamebaki kutemwa tu.

"Sema, Msasa. Nakusikiliza."

Simu ya ukutani ikalia. Aliachia redio, akaikamata simu kwa mikono miwili.

"Dada." Sasa alikuwa anavuta maneno. "Unakumbuka ile stoo ya shangazi?"

"Usiongee sana."

"Tulikuwa tunacheza kujificha. Uliniambia nikae stoo mpaka uje unikute. Ukaenda kulala."

"Nakumbuka. Nilichapwa."

"Nilikaa mchana kutwa. Giza, panya. Watu wakaniita chakula tayari, sikutoka. Mama akaniita, sikutoka. Kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sikupigii simu kwa ajili hiyo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Unajua nilitokaje? Shangazi alifungua mlango akasema, dada yako amelala, haji. Basi. Nikatoka. Sikuwa nataka kukutwa, dada. Nilitaka mtu aniambie lolote. Hata haji ni jibu."

Simu ikanyamaza. Alisikia kitu kizito kikiteleza ukutani upande wa pili.

"Mdogo wangu? Mdogo wangu!"

Kimya.

Msasa alisimama na simu mkononi. Akamtazama Bi Waya. Akaitazama D.

"Bi Waya. Bawabu anataka jibu zuri, au anataka jibu?"

"Nini?"

"Kisanduku kikimwambia siandiki, sitaki, nimekufa. Ataamka?"

"Ataamka, ndiyo, kosa nalo ni jibu. Lakini kisanduku kiko hapa mezani ni unga, kitamwambiaje..." Miwani ikarudi puani kwa haraka. "Tundu. Ngoja. Lile tundu la kisanduku ni la zamani, kitu kikitoka linadhani kebo imelegea, linangoja kirudi. Mimi ndiye niliyelifundisha hivyo. Lakini kikiingia kitu kigeni pale pale, lazima likiulize: wewe nani? Kikisema mimi siye, basi limejua yule wa kwanza hayupo tena. Litamwambia Bawabu."

"Mbona hukusema?"

"Maisha yangu yote kazi yangu ni kufanya vitu vijibu ndiyo!" Bi Waya alifoka, machozi yanamtoka. "Sijawahi kutafuta hapana! Una kitu cha kuchomeka? Chochote!"

Msasa alikuwa na kalamu.

Ilikuwa kalamu ya idara. Ilipiga picha, ilinasa sauti, na ukivua kofia yake ilikuwa na mdomo wa kuchomekwa kwenye kompyuta. Kwa miaka mitatu ilikuwa imeiba siri za mabalozi na majenerali. Haikuwahi kuombwa ijitambulishe kwa ukweli.

"Tundu liko wapi?"

"Nje, nguzo ya kulia ya mlango, kabati la chuma! Na nisikilize!" Bi Waya alimshika mkono. "Bawabu akifa, kuna programu ya ulinzi inayomfufua. Sekunde tano. Akifufuka atakitafuta kisanduku tena, na atalala tena. Ndani ya hizo tano ndipo niamuru mlango. Ukichomeka, piga kelele."

Msasa alikuwa ameshatoka.

Mtanashati alianza kuinuka na pingu zake. Bi Waya, bila kugeuza shingo, alikinyanyua kikombe cha chai iliyopoa akamtupia usoni, kikombe na vyote. Akakaa chini tena.

Nje, kabati lilikuwa wazi, kebo inaning'inia. Tundu lilikuwa pale, dogo, jeusi. Msasa alivua kofia ya kalamu kwa meno, akachomeka.

Haikuingia.

Akaigeuza. Haikuingia.

Akaigeuza tena vile ilivyokuwa mwanzo, ikaingia. Ndivyo zilivyo, hata za majasusi.

"TAYARI!"

Taa ndogo ya kalamu ikawaka kijani. Mashine ilikuwa inauliza. Kalamu ilikuwa inajibu.

Mle ndani, kwenye kioo, herufi D ikatoweka. Bawabu aliamka. Akaambiwa mwenzako hayupo. Na pale mlangoni zikamkuta barua kumi na mbili, zote za maneno yale yale. Moja ilitosha.

"AMEKUFA!" Bi Waya alipiga ukelele uliosikika mpaka nje. Vidole vyake vilikuwa vimeshaandika amri tangu mwanzo. Kilichobaki ni kibonye kimoja.

Moja. Akakibonyeza.

Mbili. Kimya.

Tatu. Kitu kikaguna ndani ya ukuta.

Nne.

Makomeo ya chuma yakarudi nyuma kwa kishindo, na mlango ukaachia nafasi ya kiganja.

Msasa alikuwa ameshavuta pumzi na kuibana. Akaingiza bega, akausukuma mlango, akazama ndani. Mdogo wake alikuwa amelala chini ya simu, chaki bado iko mkononi. Alimkamata chini ya makwapa akamburuta, kisigino kwa kisigino, mpaka kwenye jua, akaendelea kumburuta hata palipokuwa hakuna haja tena, mita ishirini, thelathini, mpaka Bi Waya alipomfikia na kumshika bega.

"Basi, mwanangu. Basi. Hapa kuna hewa."

Alimlaza ubavu. Akamfungua kola. Akampiga mgongoni.

Hakuna kitu.

"We," Msasa alimwambia sikioni. "Nimekuja. Unasikia? Toka. Nimekuja."

Mkaguzi wa forodha alikohoa, akatapika juu ya viatu vya dada yake, akafumbua jicho moja.

"Umechelewa," alisema. "Kama kawaida."

*

Saa sita kasoro robo gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka naye, yu hai, analalamika kuhusu machela. Daktari alisema mapafu yatauma wiki mbili. Lori lilipekuliwa. Viwashio elfu mbili vilitolewa, na dereva akapakiwa kwenye gari jingine lenye nondo. Kisanduku cha pili hakikuonekana. Hakikuwahi kuwepo.

Mtanashati alipopitishwa mbele ya Msasa, tai imelowa chai, alijaribu kutabasamu.

"Ungelifungua geti, dada. Niliona kidole chako."

Msasa hakumjibu. Huyo hakuwa anamdai jibu.

Alichungulia chumba cha mitambo kuchukua kofia yake ya pikipiki. Bi Waya alikuwa peke yake, ameinamia kioo, anaandika mstari mmoja polepole, na kuusoma, na kuusoma tena. Kikomo: sekunde thelathini.

"Watalalamika," alisema bila kugeuka.

"Waache walalamike, Bi Waya."

Nje, redio ikakwaruza.

"Msasa, hapa Mkuu."

"Nakusikia."

"Hongera. Lakini kuna kitu. Uliniita. Ukasema, kuhusu geti. Halafu ukanyamaza. Nimekaa na redio hii mkononi dakika arobaini. Ulitaka kusema nini?"

Angeweza kusema chochote. Kwamba betri ilikatika. Kwamba alitaka kuuliza kama bado limefungwa. Mkuu angeamini, na faili lingefungwa safi, na yeye angebaki Msasa yule yule wa miaka tisa.

Akabonyeza.

"Nilitaka kukwambia ulifungue, Mkuu. Na ungeniuliza kama nina uhakika, ningekudanganya."

Mbali kule gari la kunyanyulia makontena lilikuwa linashusha mzigo.

"Nimesikia," Mkuu alisema mwishowe. "Kesho saa mbili, ofisini kwangu."

"Nitakuja."

Alivaa kofia, akaipiga teke Yamaha. Kalamu aliiacha pale pale kwenye nguzo, taa yake ya kijani ikiwaka, bado inajibu.